Mkuyu wa Mama Kwenye Karai

Nilikuwa nimekwenda Babati kumwona baba, maana mguu wake ulikuwa umevimba tena, na asubuhi yake nikatoka kwenda dukani kununua sukari. Njia ya kwenda dukani pale Maisaka inapita mbele ya nyumba ya jirani yetu wa tangu utoto wangu. Nilipokuwa mdogo alikuwa mama wa watoto saba, mwenye sauti kubwa na miguu myepesi, hakuna nyumba asiyoingia. Sasa amezeeka, amenenepa, anavaa miwani. Nikamwamkia kutoka barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pita, pita uone kazi ya mikono yangu."

Barazani kwake, juu ya mbao zilizolazwa kwenye matofali, alikuwa amepanga miti midogo kwenye vyungu vya saruji vilivyopakwa rangi. Mikuyu. Kila mmoja una kimo cha mkono wa mtoto, shina nene, matawi yamezungushiwa waya. Akaniambia inaitwa bonsai, mjukuu wake alimwonyesha kwenye simu, na watu wa mahoteli na maofisini wanaigombania, hata kwenye harusi wanaikodi wakapamba meza ya maharusi. Alikuwa na mkasi mkononi. Huku akizungumza akakata tawi moja katikati, mahali pasipo na jicho la kuchipua, akaacha kisiki ambacho nilijua kitakauka na kuoza mpaka kwenye shina. Maziwa meupe ya mti yakachuruzika. Akayaacha yachuruzike.

Nikamwuliza, "Mama, unaukumbuka mti wa mama yangu?"

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Mti gani, mwanangu?"

Nilimchunguza uso kwa muda mrefu. Hakuwa anajifanya. Alikuwa amesahau kweli, kama mtu anavyosahau alikula nini Jumanne ya mwaka juzi. Rafiki yangu, nimeshatukanwa hadharani, nimeshadhulumiwa na watu niliowaamini, lakini sijapata kukasirika kama nilivyokasirika pale barazani. Kama angesema tulikosea, ningejua la kumjibu. Kama angesema tulikuwa sahihi, ningejua pia. Lakini hakuwa na chochote cha kusema, kwa sababu kwake hakuna kilichotokea. Basi acha nikusimulie wewe, ili angalau tuwe wawili tunaojua.

Mama yangu alitoka milimani, upande wa Mbulu, akaolewa Babati. Baba ndiyo kwanza alikuwa amemaliza nyumba yetu, na bibi, mama yake baba, alikuja kuishi nasi. Masika ya kwanza mama akiwa bibi harusi, mche wa mkuyu uliota kwenye ufa wa ukuta wa choo, bila shaka mbegu iliangushwa na ndege. Bibi akamwambia aung'oe upesi, maana mizizi ya mkuyu hutafuta maji, na ukiiachia inapasua ukuta wa mtu. Mama akaung'oa. Lakini aliung'oa taratibu, kwa kijiti na maji, mzizi ukatoka mzima, na badala ya kuutupa akaupanda kwenye karai ambalo baba alilichanganyia saruji wakati wa ujenzi mpaka likatoboka chini.

Alikuwa anajua anachofanya. Alipokuwa msichana aliishi na kufanya kazi kwa masista, na sista mmoja mzee alikuwa na mti mdogo dirishani, mti ambao mama aliambiwa una umri mkubwa kuliko sista yeyote wa nyumba ile. Miaka yote aliyokaa pale alikuwa akitumwa kuumwagilia na kuokota majani yake. Kwa hiyo alipouona ule mche ukutani hakuona magugu.

Mimi nilizaliwa mti ukiwa tayari una miaka kadhaa, na sikumbuki kipindi ambacho haukuwapo. Ulikaa nyuma ya jiko, upande unaopata jua la asubuhi, kwenye kiti kilichovunjika mgongo. Nilipoanza shule ulikuwa unanifika kifuani pamoja na kiti chake. Shina lilikuwa nene kama kifundo cha mguu wa mtu mzima, rangi ya kijivu yenye manjano kwa mbali, na mizizi ilikuwa imejitokeza juu ya udongo ikishika karai kama vidole. Ukiinama ukautazama kwa chini uliona mkuyu mkubwa kabisa, kama ile iliyo njiani kuelekea ziwani, isipokuwa huu ungeweza kuukumbatia.

Kazi yake ilifanywa Jumamosi mchana, nguo zikishafuliwa na mbaazi zikiwa motoni. Mbaazi huchelewa kuiva, nadhani ndiyo sababu mama alizipenda. Alikuwa analeta kigoda, mkasi wa kushonea, wembe, na kikombe cha majivu. Nami nakaa chini kwenye gunia. Kwanza hakati kitu. Anauzungusha mti, anautazama, anauzungusha tena. Akishaona tawi lililokimbia kuliko wenzake, analihesabia majani mawili kutoka kwenye shina, anakata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, kwa sababu jicho ndilo linaloamua tawi jipya litaelekea wapi. Matawi yanayopanda wima anayaondoa. Yanayokwenda ndani kugongana na mengine, anayaondoa. Maziwa yakitoka anayafuta kwa kitambaa chenye maji, kisha anabandika majivu juu ya jeraha mpaka likauke. Maziwa yale yanawasha, na yakiingia kwenye nguo hayatoki, kwa hiyo mama alikuwa na kanga moja ya kazi hiyo, yenye madoa meusi kama ya kutu.

Tawi alilotaka lilale alilifunga waya wa shaba. Waya huo alikuwa analetewa na baba. Baba alikuwa dereva wa lori, anabeba mahindi na mbaazi kwenda Arusha na Dodoma, na kila dinamo ya gari ikiungua alikuwa anaichambua anamletea mama waya wake umekunjwa vizuri kama zawadi. Nakuambia hili ili ujue kwamba baba aliupenda ule mti pia, au aliupenda kwa sababu ya mama, sijui. Mama aliufunga waya kwa ulegevu, na kila wiki alipitisha ukucha chini yake kuona kama umeanza kung'ata gome. Alikuwa akisema, "Tawi unaliongoza, hulinyongi." Na tawi nililoona zuri nikimsihi asilikate, alikuwa ananijibu, "Ukilihurumia hili leo, kesho litakula chakula cha wengine."

Kila baada ya masika mawili aliutoa mzima kwenye karai, akapunguza mizizi kama anavyopunguza matawi, akaurudisha kwenye udongo mpya: mchanga, samadi iliyokauka na udongo mweusi wa shambani kwetu Mutuka. Siku hiyo ilikuwa kama siku ya kumwogesha mtoto mchanga. Mti ulikaa kivulini mpaka upone, na mama alikuwa anakwenda kuuchungulia kila mara, mikono ikiwa na unga.

Lakini nataka nikuambie zaidi habari za sauti yake. Mama alikuwa mtu wa kimya ndani ya nyumba. Kwa bibi alijibu "ndiyo mama" na "nimesikia mama". Pale kwenye kigoda tu ndipo alipozungumza, na alizungumza nami kama mtu mzima mwenzake: habari za baridi ya kwao, ukungu unaoingia mpaka ndani ya nyumba, masista waliokuwa wanagombana kwa sababu ya paka, shule aliyoitaka asiipate. Wiki nzima sikumwona amekaa. Saa ile ndiyo aliyokaa.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto pekee. Katika mji wetu, miaka ile, mwanamke mwenye mtoto mmoja alikuwa jambo la kuzungumzwa. Nilipofika darasa la pili maneno yakaanza kuja wazi. Jirani yule ndiye aliyeyaunganisha na mti. Alikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama wa maombi, na siku moja alikuja kuomba chumvi akamkuta mama kwenye kigoda. Akasimama na chumvi yake mkononi, akatazama mti, akatazama waya.

"Mama Paulina," akasema, "huo mti umeufunga usikue. Na wewe je, nani amekufunga?"

Mama akasema, "Mti ni mti tu, mama."

"Nimekuuliza kwa upendo."

"Nashukuru."

Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko, akasikia. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikupumua. Bibi akawa anasema chakulani, bila kumtazama mtu, kwamba kitu kinachozuiwa kukua kinazuia na vingine. Kwamba huko kwa masista wa Kikatoliki nani ajuaye walifundishana nini, maana upande wa baba ni Walutheri na mama alikuwa amebadilisha kanisa kwa ajili ya ndoa. Akina mama wakaanza kuja kila wiki. Waliketi sebuleni, wakaimba, wakaomba mume afunguliwe, tumbo lifunguliwe, nyumba ifunguliwe. Mama aliwapikia chai. Alikaa katikati yao ameinamisha kichwa, wakamwekea mikono, na mimi niliona kwa kupitia pazia kwamba macho yake yako wazi.

Baba alikuwa anakuta hayo yote akirudi safari. Alikuwa anaoga, anakula, anamsikiliza mama yake, anasema, "Tutaona." Hilo ndilo neno lake. Tutaona. Nilimpenda sana baba, nilikuwa nakimbilia lori lake tangu likiwa kwenye kona, na hata siku ile nilikimbia.

Ilikuwa msimu wa kuvuna mbaazi, mama alikuwa Mutuka shambani tangu alfajiri. Nimetoka shule nikaona lori limeegeshwa mbele ya nyumba katikati ya wiki. Nikapita uani nikiita baba. Wote walikuwa nyuma ya jiko. Bibi amekalia kigoda cha mama. Jirani na akina mama wenzake wawili wamesimama, wanaimba kwa sauti ya chini kama watu wa msibani. Baba alikuwa amevua shati. Alikuwa amelipindua karai, na mti ulikuwa umelala ubavuni ukiwa umetoka mzima, mizizi yote imeshikana ikiwa na umbo la karai, weupe wake unaonekana. Alikuwa na panga.

Nikasema, "Baba, huo ni wa mama."

Akasema, "Nenda ndani."

Sikwenda, na hakuna aliyenifukuza tena. Alikata matawi kwanza. Sijui kwa nini alianza na matawi, angeweza kukata shina yakaisha. Aliyakata moja moja yale ambayo mama aliyahesabia majani mawili mawili kwa miaka mingi kuliko umri wangu, kisha akakata shina vipande vitatu, na maziwa yakamrukia mpaka kifuani. Jirani akasema, "Bwana asifiwe." Bibi akaamuru vipande vipelekwe jikoni vichomwe. Na vikapelekwa.

Mkuyu mbichi hauwaki. Ulifuka moshi, ukatoa povu kwenye ncha, ukalia kama maji kwenye mafuta ya moto, jiko zima likajaa harufu chungu. Mama aliisikia harufu hiyo kabla hajaingia uani. Alikuwa na mzigo wa mbaazi kichwani. Aliutua, akaona kiti kilichovunjika mgongo kikiwa kitupu, karai limepinduliwa. Akina mama walikuwa wameshaondoka. Akaingia jikoni, akatazama motoni.

"Nani?" akauliza.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. "Ni mimi."

Mama akamtazama. Nilisubiri apige kelele. Nilitaka kwa moyo wote apige kelele, nilitaka achukue lile panga. Akasema, "Haya," akachutama, akaupuliza moto ule ule, kwa sababu ilikuwa jioni na ugali ulikuwa haujapikwa. Tulikula ugali uliopikwa kwa mti wake. Bibi aliona sili akaniambia, "Kula, chakula hakisusiwi," nikala.

Ungetegemea nikuambie kwamba alipanda mwingine. Hakupanda. Mikuyu iliota tena ukutani mwa choo, huota kila masika, naye aliing'oa akaitupa kama bibi alivyotaka tangu mwanzo. Ile kanga ya madoa akaichana akafanya matambara ya kudekia. Jumamosi mchana akawa anakwenda kupalilia, au kuosha masufuria ambayo hayakuwa machafu. Nilijaribu kumwuliza habari za masista na paka wao, akanijibu, "Nimesahau." Alinilea vizuri, alinisomesha, hakunipiga. Lakini yule aliyekuwa anazungumza nami kwenye gunia sikumwona tena.

Na mtoto mwingine hakuja. Umeshangaa? Mimi sikushangaa, hata kwa umri ule. Kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyerudi kusema lolote. Kikundi cha maombi kilihamia nyumba nyingine yenye shida nyingine. Bibi alikufa nikiwa sekondari, akazikwa kwa heshima zote, na mama ndiye aliyemwosha siku zake za mwisho.

Mama alipougua ndipo aliponiambia lililobaki. Ilikuwa mchana, wodini, wagonjwa wengine wamelala. Aliniambia kwamba siku aliyonizaa alivuja damu nyingi mno, na madaktari wakalazimika kumtoa kizazi ili wamwokoe. Hakukuwa na tumbo la kufunguliwa. Nikamwuliza nani alijua. Akasema, "Mimi na baba yako. Tulikubaliana tusiseme." Kisha akageuza uso upande wa ukuta. "Mti ungeota mwingine, Paulina. Lakini yeye alijua."

Alikufa kabla ya masika. Nikazika, nikarudi kazini, na kwa miaka kadhaa nikamtumia baba dawa na chakula, nikamwamkia kwenye simu, nikalikalia lile neno. Mpaka asubuhi ile niliyoulizwa "Mti gani, mwanangu?"

Nilirudi nyumbani bila sukari. Baba alikuwa amekaa nje, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikasimama mbele yake.

"Baba, jirani haukumbuki mti wa mama."

Akasema, "Mimi naukumbuka."

"Ulijua ametolewa kizazi."

Hakuniuliza nimeambiwa na nani. "Nilijua."

"Na ukaukata."

"Walitaka nioe mwingine," akasema. "Bibi yako alishatafuta binti, huko Bonga, wazee walishazungumza. Nikafikiri nikiwapa ule mti watanyamaza. Na walinyamaza, mwanangu. Hawakumsema tena. Niliona bora uende mti kuliko aende yeye."

"Si ungewaambia ukweli?"

"Niwaambie hana kizazi? Ndiyo wangeniacha?"

"Ungewaambia wakuache. Kwamba hana kizazi, na wewe huoi."

Alitazama mguu wake muda mrefu. "Hilo sikulifikiria," akasema.

Namwamini, na hapo ndipo hasira yangu inapopanda badala ya kushuka. Alikuwa tayari kukata kitu alichokiona kinakua kwa waya wake mwenyewe, alikuwa tayari kubeba siri miaka yote, kumdanganya mama yake mzazi, kuwaacha wageni wamwombee mkewe tumbo lisilokuwapo. Mazito yote hayo aliyaweza. Neno jepesi la mwanamume kusimama mbele ya mama yake na kusema "huyu ananitosha" halikumpitia hata kichwani. Watu wa kanisani huniambia nisamehe. Si mimi niliyekatiwa mti. Aliyepaswa kuombwa msamaha amelala Mutuka, na msamaha wake siwezi kuugawa kama nguo za marehemu.

Lile jiko limebomolewa, sasa kuna chumba cha mpangaji, na pale kilipokuwa kiti pamemwagwa zege. Bibi hayupo, masista wale bila shaka hawapo, na habari zao nyingine ambazo mama alikuwa hajanisimulia sasa hakuna wa kuzisimulia. Ukipita leo Maisaka huwezi kujua kwamba palikuwa na mwanamke pale aliyekuwa anazungumza.

Mchana ule nilimfulia baba nguo zake zote, mashuka na blanketi, nikamkanda mguu kwa maji ya moto, nikampikia cha siku mbili. Akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia leo, ingawa nilikuwa nimepanga kukaa wiki. Hakubisha. Nguo zilikuwa bado zinachuruzika kwenye kamba nilipochukua mkoba wangu, nikamwachia azianue mwenyewe.